MAGAMBA SI UKOMA



Mwaka 1987 aliletwa chuoni kwangu mtoto wa miaka tisa kusomeshwa Qur'ani. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi, mwenye sauti nzuri na adabu alizofunzwa kwao. Lakini viwikoni na magotini alikuwa na mabaka mazito yenye magamba meupe, na kichwani, chini ya kofia yake, ngozi ilikuwa ikipukutika kama unga. Haukupita mwezi wazee wawili wakanijia baada ya sala ya Alasiri wakaniambia, "Maalim, mtoto yule ana jadhamu. Ama yeye atoke, ama wetu watatoka."

Mimi sikumtoa. Nikaona nimefanya insafu kubwa kwa kumtandikia mkeka wake peke yake karibu na mlango, nikawa namsikiliza mwisho, wenzake wakisha kwenda zao. Mtungi wa maji nao nikamtengea kata yake. Alikaa juu ya mkeka ule kiasi cha miaka miwili, kisha mamake akamtoa kimya kimya, wala sikwenda kuuliza. Hakuwa na jadhamu yule mtoto, na maradhi aliyokuwa nayo hayajapata kumwambukiza mtu yeyote tangu ulimwengu kuumbwa.

Maradhi yenyewe madaktari wanayaita soriasisi. Waarabu wa leo wanayaita sadafiyya, kutokana na sadaf, yaani kombe la chaza, kwa namna gamba lake linavyong'ara kama fedha. Sisi huku pwani hatuna jina lake moja. Wengine husema mba, wengine choa, wengine ukurutu, wengine mbalanga, na hayo yote ni maradhi mengine mbalimbali. Na kitu kisichokuwa na jina lake huvikwa jina la jirani yake, nalo aghalabu huwa ni lile baya zaidi. Ndivyo ilivyokuwa chuoni kwangu. Nilipokuja kuisoma tarikhi ya maradhi haya nikaona kuwa ndivyo ilivyokuwa ulimwengu mzima kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na ndipo nilipoona kuwa yafaa niandike.

Wayunani wa kale, zama za Hippocrates, walikuwa na neno lepra, na maana yake kwao ni ngozi yenye magamba. Hawakukusudia kwa neno hilo ukoma kama tuujuavyo sisi. Ukoma, ule unaokula vidole na kuharibu pua, waganga wa Kiyunani wa baadaye waliuita kwa jina la ndovu, kwa ugumu wa ngozi ya mgonjwa. Vitabu vyao vikaingia katika Kiarabu. Matabibu wa Kiislamu, nao walikuwa watu wa kupambanua, wakauita ukoma judham, na maradhi ya ndovu, daa-ul-fil, wakayaacha kuwa ni jina la mguu unaovimba, yaani matende, maradhi ambayo hakuna mtu wa pwani asiyeyajua. Ngozi zilizobadilika rangi wakazigawa: hii baras, hii bahaq, hii quba, hii jarab. Ukifungua Al-Qanun ya Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria, yaani 1037 Miladia, utaona mlango wa ngozi umepangwa hivyo, kila moja na alama zake na dawa zake. Sisemi kwamba kila walichokisema ni sawa. Nasema walijua kwamba mabaka yote si maradhi mamoja.

Kisha vitabu vya Kiarabu navyo vikafasiriwa kwa Kilatini. Wafasiri wale walipofika kwenye judham wakalikuta jina la ndovu limekwisha shikwa na matende, basi wakachukua lile neno la Kiyunani la magamba, lepra, wakaliweka mahali pa judham. Tazama, msomaji, neno moja lilivyohama. Tangu hapo mtu wa Ulaya mwenye magamba tu na mtu mwenye ukoma wa kweli walikuwa chini ya jina moja. Na mkoma katika Ulaya ya zama zile alikuwa akitengwa na mji, akikatazwa kugusa vitu sokoni, akipewa kengele au kayamba ya mbao aitikise watu wamsikie wamkimbie. Ni wangapi walioitikisa kengele ile nao hawana ila magamba ya viwikoni, hakuna ajuaye idadi yao isipokuwa Mola wao.

Ilichukua muda mrefu kulifungua fundo lile. Robert Willan, daktari wa London, aliyapanga maradhi ya ngozi kwa sura zake katika kitabu alichokitoa sehemu kwa sehemu baina ya 1798 na 1808, akayaeleza magamba haya vizuri, lakini jina la lepra halikumtoka. Mwaka 1841 Ferdinand von Hebra wa Vienna ndiye aliyesema wazi kuwa soriasisi ni kitu mbali na ukoma ni kitu mbali. Na mwaka 1873 Armauer Hansen, huko Bergen katika nchi ya Norway, alikiona kwa darubini kijidudu cha ukoma. Basi ukoma una kijidudu chake, na leo una dawa yake inayouponya kabisa. Soriasisi haina kijidudu. Ni ngozi ya mtu mwenyewe iliyoamrishwa kwenda mbio. Ngozi yako na yangu hujibadilisha kwa muda wa kama mwezi mmoja, nayo ya mgonjwa huyu hujibadilisha kwa siku chache tu, ikawa ile mpya haijapata kukomaa na ile ya zamani haijapata kuondoka, vikarundikana. Na aamrishaye mbio hizo ni askari wa mwili wenyewe, wale waliowekwa kupigana na adui, wamekosea wakawapiga wenyeji. Huenda kwa ukoo, lakini si lazima. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu ule unaotajwa vitabuni hauonekani sana. Huonekana zambarau, au weusi uliopauka, na kwa hiyo hata daktari asiyezoea anaweza kukosea.

Sasa nije kwenye dawa, kwani najua hapo ndipo anapopangojea mwenye mgonjwa nyumbani.

Siku hizi ukitaja dawa za miti shamba utawakuta watu makundi mawili. Kundi moja husema hizo ni ujinga wa watu wa kale, na kundi la pili husema hospitali ni njama za Wazungu na dawa ya kweli ni ya shambani. Tarikhi ya maradhi haya inawatahayarisha wote wawili. Nisikilize habari ya mbegu moja.

Alikuwako Andalusia mwanachuoni wa mimea, Ibn al-Baytar, mtu wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 646 Hijria, 1248 Miladia. Alisafiri Afrika ya Kaskazini na nchi za Sham akikusanya habari za dawa, akaandika kitabu chenye dawa na vyakula zaidi ya elfu, kwa mpango wa alifu na be. Humo ameutaja mmea uitwao aatrilal, jina la Kibarbari lenye maana ya mguu wa ndege. Anasimulia kuwa kabila moja la Wabarbari katika Maghribi ndilo lililokuwa likiujua na kuuficha, na watu wenye mabaka meupe ya baras na bahaq wakiwaendea kutoka mbali, na siri ile wakirithishana wao kwa wao mpaka ilipotoka. Namna yake ni kuwa mgonjwa hupewa mbegu zile pamoja na asali, kisha akawekwa juani, mahali penye ugonjwa pakiwa wazi, mpaka ngozi ikapata malengelenge, na yakisha kupona rangi hurudi.

Zingatia lile neno juani. Mbegu peke yake haifanyi kitu na jua peke yake halitoshi, mpaka viwili hivyo vikutane mwilini. Watu wale hawakujua kwa nini. Walijua tu kuwa ndivyo.

Mmea ule humea wenyewe kandokando ya Mto Nili, na maduka ya dawa ya Misri yakiuuza unga wake kwa jina la khilla ya shetani, jina la ajabu kwa kitu chenye manufaa. Katika miaka ya 1940 wanavyuoni wa Misri waliutazama kwa jicho la elimu. Mwaka 1947 Fahmy na mwenziwe Abu-Shady, wakiwa Cairo, waliitoa katika mbegu ile nguvu yake yenyewe, chembechembe nyeupe za jamii iitwayo psoraleni, na daktari wa ngozi El Mofty akazijaribu kwa wagonjwa wa mabaka meupe kwa kipimo kinachojulikana. Hawa ni Waislamu wenzetu, tena karibu na zama zetu, na ni wachache katika sisi waliosikia majina yao, ingawa majina ya wachezaji wa mpira tunayahifadhi.

Kutoka Misri dawa ikavuka bahari. Mwaka 1974 madaktari wa Boston, Marekani, wakiwemo Parrish na Fitzpatrick, walitoa habari kuwa wamewapa wagonjwa wa soriasisi psoraleni ya kumeza kisha wakawasimamisha mbele ya taa za mwangaza wa namna ya jua, ule usioonekana kwa macho, na magamba yakaondoka. Yaani mbegu na jua, vile vile vya Wabarbari, isipokuwa mbegu imepimwa kwa miligramu na jua limefungwa katika sanduku lenye saa. Huenda ukauliza: inakuwaje dawa ya kurudisha rangi ikafaa pia kwa magamba? Jawabu ni kuwa mbegu ile ikikutana na mwangaza hufanya kazi mbili, huamsha rangi ya ngozi, na pia huzipunguza mbio zile nilizozitaja.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na mwenye kuuza unga wa miti hapendi kukifikisha hapa. Madaktari wale waliwaandika wagonjwa wao wakawafuata mwaka baada ya mwaka, na kuanzia 1979 ikadhihiri kuwa kuzidisha matibabu hayo huleta saratani ya ngozi, khasa kwa weupe. Basi wakapunguza, na kuanzia miaka ya 1980 ikatengenezwa taa ya mwangaza mwembamba zaidi isiyohitaji mbegu kabisa, na hiyo ndiyo itumikayo sana leo. Kabila lile la Maghribi lingejuaje habari ya saratani inayokuja baada ya miaka kumi na tano? Mgonjwa akisha pona alikwenda zake kwao na hakuna aliyemwandika.

Na hapa nina jambo la nyumbani. Mama wengi huku kwetu mtoto akiwa na magamba humsugua ndimu, kisha wakamtoa nje akauke. Ndimu ina jamaa wa ile ile psoraleni. Maji yake yakikaa juu ya ngozi na jua la saa sita likapiga, ngozi huungua kama iliyomwagiwa mafuta ya moto, ikatoka malengelenge na kuacha alama nyeusi za miezi. Watu wakiona hivyo husema ugonjwa umetoka nje, kumbe ni mtoto aliyeunguzwa. Yule mwanafunzi wangu aliwahi kuja chuoni na mkono umefungwa kitambaa. Nilimwuliza akanambia, "Ni ndimu, Maalim." Sikufahamu maana yake mpaka miaka thelathini baadaye.

Dawa ya pili ninayoipenda kwa kisa chake ilipita bahari hii hii yetu. Katika Brazil, jimbo la Bahia, uko mti ambao ndani ya mashina yake hupatikana unga wa manjano uitwao araroba. Wareno waliuchukua kwenda nao Goa, mji wao mkuu wa Mashariki, ule ambao ndiko zilikokuwa zikitoka amri za kuitawala Mombasa zama za Ngome. Huko India ukawa ni dawa mashuhuri ya choa, ukaitwa unga wa Goa, na watu wakasahau ulikotoka, mpaka daktari wa Bahia, da Silva Lima, alipotambulisha katika miaka ya 1870 kuwa unga ule ni araroba ya kwao. Mwaka 1876 daktari Balmanno Squire wa London alipata mgonjwa wa soriasisi aliyejipaka unga huo akidhani ana choa. Alikosea jina la maradhi yake, na magamba yakaondoka! Squire akautangaza. Vita vya kwanza vya dunia vilipoikata Ujerumani na araroba ya Brazil, wanakemia wa huko wakatengeneza mfano wake mwaka 1916, ndiyo dithranoli, dawa iliyotibu watu hospitalini karibu karne nzima. Nayo huchoma ngozi nzima na kutia nguo rangi isiyotoka, basi si kitu cha kujipakia ovyo.

Wala usidhani kuwa madaktari walikuwa malaika. Mwaka 1786 Thomas Fowler wa Uingereza alitoa dawa ya maji iliyotengenezwa kwa arseniki, ile sumu ya panya, na madaktari wakawanywesha wagonjwa wa magamba kwa zaidi ya miaka mia. Magamba yalipungua kweli. Kisha wagonjwa wakaota sugu za viganja na nyayo, na katika miaka ya 1880 daktari Jonathan Hutchinson akaonya kuwa ndani ya sugu zile hutoka saratani. Tena ilikuwamo marhamu ya zebaki. Hizo zilikuwa dawa rasmi, zimeandikwa katika vitabu vyao na kupigwa mihuri. Tofauti yao na mganga wa mtaani haikuwa kwamba wao hawakosei. Ni kwamba kosa lao liliandikwa, likasomwa na wengine, likaachwa.

Lami nayo ni ya kale. Waarabu wakiwapaka ngamia wao wenye upele qatrani. Mwaka 1925 daktari Goeckerman wa Marekani aliwapaka wagonjwa wa soriasisi lami ya makaa ya mawe akawaweka kwenye taa, wakapata nafuu kubwa. Harufu yake ndiyo iliyowafukuza watu.

Kuna na wale wanaosafiri kwa ajili ya maji. Bahari ya Lut, ambayo wengine huiita Bahari ya Chumvi, iko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari nyingine, maji yake yana chumvi kiasi cha mara kumi ya haya yetu, na jua lake hupita katika hewa nzito zaidi ikapunguzwa ile miale iunguzayo. Wagonjwa hukaa wiki nne wakioga na kuota jua, na wengi hurudi ngozi safi kwa miezi kadha. Ajabu ya Mola, kuwa mahali panaponasibishwa na maangamizo ya watu wa Nabii Lut pakawa ni pa watu kutafutia afya. Katika Uturuki, mkoa wa Sivas, pana chemchemi ya maji ya moto ya Kangal, yenye visamaki vidogo vinavyokula magamba ya mgonjwa akiwa ameketi majini. Visamaki havitibu mzizi wa maradhi, vinakula kilichokwisha lainika, na jua lililo juu lina sehemu yake katika nafuu ile. Asiyekuwa na nauli ya Uturuki asihuzunike.

Katika vilivyo karibu nasi ni shubiri, na sote tunajua kuwa shubiri bora tangu kale ni ile ya Sokotra, kisiwa kilicho jirani na njia ya majahazi yetu. Je, inafaa kwa magamba? Mwaka 1996 ulitolewa uchunguzi uliofanywa Pakistan kwa wagonjwa 60: waliopakwa marhamu ya shubiri 25 katika 30 walipona, na waliopakwa marhamu tupu ni 2 tu. Wenye kuuza shubiri huukariri uchunguzi huo kama wird. Lakini mwaka 2005 wakachunguza watu wa Denmark, na huko marhamu tupu ikaishinda ile yenye shubiri. Mwenye kutaja ule wa kwanza na kuuficha wa pili amedanganya, hata kama hakusema neno la uwongo. Mimi nikiulizwa husema kuwa shubiri hutuliza ngozi na haina madhara makubwa ikipakwa juu, basi ukitaka paka, wala usiuze ng'ombe kwa ajili yake. Nili, ile ya kutilia nguo rangi ya buluu, ina habari iliyo nzuri zaidi. Wachina wameitumia tangu kale, na mwaka 2008 madaktari wa Taiwan waliijaribu kwa wagonjwa 42, upande mmoja wa mwili nili na upande wa pili mafuta matupu, na upande wa nili ukashinda waziwazi. Manjano ya jikoni nayo inachunguzwa, na bado halijathibiti la kumfanya mtu aache dawa yake.

Sasa nitasema la kuudhi. Wapo wanaopita na vikopo vya mafuta wakisema ni miti mitupu, na mgonjwa akijipaka siku tatu magamba yote yakaanguka. Msomaji, mti haufanyi hivyo kwa siku tatu. Mwaka 1999 madaktari wa London walivipima vikopo 11 vya mafuta ya ngozi yaliyouzwa kuwa ni miti shamba ya Kichina, wakakuta 8 vina deksamethasoni, dawa kali ya hospitali ya jamii ya kotisoni. Jamii hiyo hiyo ndiyo inayotiwa katika mafuta ya kujichubua ambayo binti zetu wanayaita mkorogo. Kotisoni ina faida yake ikitolewa na anayejua, kwa kiasi na kwa muda. Lakini ukijipaka bila kujua, ngozi huwa nyembamba kama karatasi ya sigara, na ukiiacha ghafla magamba hurudi maradufu, na pengine mwili mzima ukawaka, hali ambayo huua.

Vile vile kuchanjwa. Daktari Köbner wa Kijerumani alibainisha katika miaka ya 1870 kuwa mwenye maradhi haya akikwaruzwa au akikatwa, gamba jipya humea juu ya mkato wenyewe. Basi mwenye kuchanja chale, na mwenye kuumika, hata akikusudia kuihuisha Sunna ya hijama, amche Mwenyezi Mungu asimpitishie wembe mgonjwa wa soriasisi akampandia shamba jipya. Na ikiwa mtoto amepata madoadoa ya magamba mwili mzima baada ya kuumwa koo, koo ndiyo ya kutazamwa kwanza, usimtafute jicho la jirani. Imejulikana pia kuwa klorokwini huweza kuyachochea maradhi haya. Sisi watu wa pwani tuliimeza dawa hiyo kama njugu kwa ajili ya malaria, mpaka Kenya ilipoiacha mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001.

Nimekwisha ulizwa zaidi ya mara moja, "Sheikh, na habasoda? Mtume (S.A.W.) si ameisifu?" Ameisifu, na sisi tunaitumia. Lakini Imamu Al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, ameeleza kuwa tamko lile ni la jumla na makusudio yake ni maradhi makhsusi yanayowafikiana na tabia yake. Wanavyuoni wetu hawakuifanya ile hadithi kuwa ni hati ya kumzuia mtu asiende kwa tabibu. Ama kumsomea mgonjwa ni Sunna, wala hakuna anayekataa. Lakini kumwambia mama kuwa mwanawe ana shetani wa baharini kwa kuwa ngozi yake ina magamba kama samaki, kisha ukachukua shilingi zake, hiyo si ruqya. Ni wizi wenye tasbihi. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud maana yake ni kwamba ajifanyaye tabibu na hajulikani kwa utabibu atabeba dhamana ya madhara aliyoyaleta. Mafukaha wamejenga juu yake hukumu za malipo. Sijapata kusikia mwenye kopo la mafuta aliyelipa.

Leo maradhi haya hayana dawa ya kuyang'oa milele, na huo ndio ukweli. Yanatulizwa. Kuna marhamu, taa, vidonge vya methotreksati vinavyotaka damu ya mgonjwa ipimwe mara kwa mara, na tangu miaka ya 2000 zimetoka sindano zinazowazuia wale askari waliokosea, zenye nguvu ya ajabu na bei isiyofikiwa na nyumba nyingi zetu. Mwaka 2014 mataifa yote katika Shirika la Afya Duniani yalipitisha azimio kuwa haya ni maradhi ya kudumu yasiyoambukiza, na kwamba wagonjwa wake wanadhulumiwa kwa kutengwa. Na Moshi, Tanzania, kuna chuo tangu 1992 kinachofundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Miongoni mwa matabibu wa namna hiyo yumo aliyemtazama mwanafunzi wangu, amekwisha kuwa mtu mzima, akalitaja jina la maradhi yake kwa dakika tano. Alimtazama kucha, ambazo zina vitundu kama tondoo la mshoni, na viungo vya vidole vilivyoanza kuvimba, kwani soriasisi huingia hata katika viungo. Kwa viungo vile alikuwa amechelewa.

Alikuja kwangu mwaka 2018 kunipa habari hiyo. Nilimtaka radhi kwa ule mkeka. Akacheka kidogo, akasema, "Maalim, mkeka si neno. Mimi nilikuwa msomaji wa mwisho, na mara nyingi magharibi ilikuwa ikiingia kabla ya zamu yangu. Niliishia Surat Yasin."

Mamake alikuwa hai bado. Nilikwenda kwake siku ya pili, nikabisha hodi, nikamwambia, "Bi mkubwa, nimekuja kwa habari ya mwanao." Alinikaribisha kahawa. Alinieleza dawa zote alizomtia mtoto yule: ndimu, mafuta ya taa, majivu, kombe la zafarani, na kikopo kimoja alichokinunua kwa bei ya mkufu wake. Mafuta ya nazi tu ndiyo aliyoyasema kuwa yalimtuliza mwanawe usiku akalala. Nikamwambia kuwa madaktari nao huyakubali, kwani ngozi hii hutaka mafuta kila siku. Akanyamaza, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia wakati ule kwamba si jadhamu. Nikasema sikujua. "Na kuuliza je, Maalim?"

Mwanawe huja kwangu sasa kila Ijumaa baada ya Alasiri. Vidole vyake havikunjiki vizuri, basi mimi ndiye ninayemfunulia kurasa. Tumefika Surat Az-Zumar.